Gunia la Jioni

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nimeanza maisha na baiskeli ya kuazima na darasa la nne ambalo hata hilo nililiacha katikati, na leo nina nyumba mbili Ruangwa, moja Nachingwea, lori linalotembea, na shamba la mikorosho Nkowe ambalo ukiliingia asubuhi unalitoka mchana. Nimenunua korosho kwa watu walioniita mjinga na nikawauzia korosho watu waliojiita wasomi. Kwa hiyo mwezi uliopita gari lilipoingia uani kwangu, akashuka mtu mzima mwenye mvi na miwani, nyuma yake vijana wanne wenye makoti meupe mkononi, sikuinuka hata kwenye kiti. Nilidhani ni wale wanaopita kupima watu macho. Yule mwenye mvi akasimama mbele yangu, akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kofia, akasema, "Bosi Bakari, leo umeshapanga magunia mangapi?" Hapo niliinuka. Duniani mtu mmoja tu anaweza kuniuliza swali hilo kwa sauti ile, na mara ya mwisho kumwona alikuwa kijana mwembamba wa kupitiliza, anayelala na viatu. Nilimkumbatia mpaka miwani ikapinda. "Nimekuletea wanafunzi wangu," alisema. "Wako kwenye mwaka ule niliokuwa mimi. Nataka wausikie kwako, maana mimi wakinisikia wanaandika, hawaelewi." Basi niliwaambia, na hapa nauandika kama nilivyowaambia, mwaka ambao nusura nimzike mke wangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ilikuwa elfu mbili na mbili. Nilikuwa nakaa Nachingwea, nyumba ya vyumba vitano yenye baraza refu, na barazani ndipo palipokuwa na mzani wangu. Chuo kilimleta Elia, huyu huyu mwenye mvi, kufanya mwaka wa vitendo hospitalini, chini ya daktari mkubwa, na akaja kuniuliza chumba. Nilimpa cha mwisho, kinachoangalia uani. Alitoka huko nyanda za juu kwenye baridi na viazi, joto letu lilimfanya akae na taulo shingoni kama mchezaji mpira. Chumba chake nakiona mpaka leo: kitanda cha futi tatu na nusu, chandarua chenye viraka, vitabu vimepangwa juu ya gunia tupu ili mchwa wasivipande, na saa ndogo ya mezani aliyoizungushia plasta ili betri isidondoke. Nyumba ile haikuwa na dari. Ukuta unafika usawa wa mtu mrefu aliyenyoosha mkono, halafu juu ni boriti na bati, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha tano anampa pole. Miezi ya mwanzo usiku tulikuwa tunamsikia akisoma kwa sauti, majina ya dawa na vipimo vyake, miligramu ngapi kwa kilo ngapi, mpaka mke wangu Somoe akawa anayajua baadhi. Na alikuwa anakula. Somoe alimpikia ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, siku nyingine mbaazi, na alikula kama mmoja wa wabebaji wangu, akifuta sahani kwa tonge la mwisho na kusema, "Mama Hawa, huku kusini mnaficha chakula, kwetu hawajui." Sikumwona kama mpangaji. Nilianza kumwita daktari wangu, na hapo ndipo makosa yalipoanzia.

Mzee Chande wa Mkotokuyana alileta korosho siku moja akichechemea, ana kidonda mguuni cha muda mrefu, amekifunga kwa kitambaa cha kanga. Elia alikuwa anapita kwenda kuoga, ndoo mkononi. Akaweka ndoo chini, akakifungua kile kidonda pale pale barazani, akakisafisha, akamwambia afanye nini na arudi lini. Hakumtoza kitu. Wiki iliyofuata Mzee Chande alirudi na magunia sita, na hakuwa peke yake. Alikuja na majirani zake wawili, wote wamewapita wanunuzi wengine njiani ili waje kwangu. Mimi sikusoma, lakini biashara naiona hata ikiwa imevaa baibui. Nikaanza kupeleka habari vijijini: lete korosho kwa Bakari, na daktari wake atakutazama bure. Ilienda kama moto wa kiangazi. Msimu ulipochanganya, wa Narung'ombe walikuwa wanakuja na gunia moja nyuma ya baiskeli na mgonjwa mmoja mbele. Wanunuzi wenzangu walikasirika mpaka wakaacha kunisalimia. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku niliponunua gari.

Sasa nitazame ratiba ya yule kijana, maana mimi wakati ule sikuitazama. Anaingia kazini asubuhi, anakesha, anatoka kesho yake saa nne au saa tano, wakati mwingine saa kumi, na keshokutwa anaingia tena. Akifika nyumbani anakuta kwenye mkeka wa barazani watu saba, watu tisa. Mimi naenda kugonga. "Dokta, wageni wako." Mwanzoni alitoka anacheka. Baadaye alitoka hacheki. Baadaye nikawa nagonga mara tatu. Somoe aliniambia tukiwa jikoni, anachambua mbaazi, hakuinua hata kichwa. "Baba Hawa, huyu mtoto wa watu hali tena. Jana nimemwekea samaki, asubuhi nimemkuta samaki mzima na Elia amelalia meza." Nikamwambia kijana akiwa na miaka ishirini na sita hachoki, mimi umri huo nilikuwa natoka Ruangwa na baiskeli na magunia mawili na nikifika nacheza ngoma. Somoe akasema, "Wewe ulikuwa unabeba magunia. Yeye anabeba watu." Nikacheka. Nilikuwa na jibu la kila kitu mwaka ule.

Ijumaa moja Elia alikaa na mimi kwenye mzani tangu asubuhi, ilikuwa siku yake ya mapumziko. Lazima nieleze kidogo kazi yenyewe. Korosho hupangwa daraja la kwanza na la pili, na mpangaji mzuri hahitaji mashine. Unazamisha mkono mpaka katikati ya gunia, unachota, unatikisa kiganjani na kusikiliza. Kavu inalia kama kokoto, mbichi inanyamaza. Unakata chache kwa kisu, unaangalia ndani, unatamka. Ukishatamka, mkulima anaondoka na bei yake au na huzuni yake. Nilimwambia Elia, mbele ya wabebaji, kwamba mkono wangu huu haujawahi kukosea. Akauliza, "Hata jioni?" Nikamwambia mkono haujui saa. Kumbe yule kijana mjanja asubuhi ile alichukua magunia matatu niliyoyatamka daraja la kwanza, akayatia alama ya mkaa kwenye kitako, akayafunga upya na kuyaweka kando. Saa kumi na moja jioni, nimeshapanga zaidi ya hamsini, shati limenigandia mgongoni, wabebaji wakaniletea magunia mengine matatu. Nikazamisha mkono, nikatikisa. La pili. La pili. La kwanza. Wabebaji wakaangua kicheko, mmoja akakaa chini kabisa. Wakapindua magunia, nikaona mkaa.

"Umeniroga," nilimwambia.

"Sijakuroga, Bosi. Umechoka. Magunia ni yale yale, mkono ndio umebadilika." Halafu akaacha kucheka. "Na mimi jioni nawapanga watu hivyo hivyo. Huyu arudi nyumbani, huyu alazwe. Ila mkulima wako ukimkosea kesho anakuja kugomba. Wangu hawarudi kugomba."

Ningekuwa na akili siku ile ile ningevunja mkeka wa barazani. Lakini nilikuwa nimeaibishwa mbele ya watu ninaowalipa, na mtu mwenye kiburi akiaibishwa masikio yanaziba. Usiku wa siku nyingine nikamsikia juu ya ukuta akiongea na Somoe, aliyempelekea uji. Alikuwa anasema amemwandikia mtoto dawa ya kipimo cha mtu mzima, muuguzi akaiona kabla haijatolewa. "Nilitaka kulia, Mama Hawa, nikaona nimechoka hata kulia." Somoe akamwambia, "Kunywa uji, baba." Halafu kijiko kwenye bakuli. Mimi nilikuwa kitandani macho wazi, nimesikia kila neno, hata kijiko. Na kesho yake nikamgongea mlango kwa watu wanane. Hilo wanafunzi wake walipolisikia, binti mmoja aliniangalia vibaya. Nikamwambia angalia tu mwanangu, nimestahili.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Somoe aliamka na maumivu ya tumbo, akasema ni ya kawaida, akapika, akafagia. Mchana akalala, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimwoe. Saa tisa Elia akarudi, ameshinda na kukesha na kushinda tena. Barazani palikuwa na watu kumi na mmoja, Mzee Chande akiwemo, amekuja kuonyesha mguu uliopona. Elia aliwatazama wote amesimama, maana alisema akikaa hatainuka. Wa kumi na mbili alikuwa mke wangu. Nilimtoa ndani nimemshika mkono. Elia akagusa paji la uso wake, akauliza anaumwa wapi, Somoe akasema tumbo, na kizunguzungu, na bega la kulia pia linamuuma sijui kwa nini. "Umebeba ndoo nyingi," Elia akasema. "Malaria hiyo." Akamwandikia vidonge, akaingia chumbani. Nilimwona mlangoni akijaribu kufungua mlango uliokuwa wazi. Mimi nikaridhika. Malaria ilikuwa ugonjwa wetu wa kila siku. Nikarudi kwenye mzani.

Haikupita saa moja. Natikisa korosho kiganjani, nikamwona Elia ametoka pekupeku, shati limefungwa vifungo vya kupishana, uso umevimba kwa usingizi uliokatika. Akanishika kiwiko, korosho zikamwagika.

"Bosi, mkeo nimempima saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Jioni," alisema. "Nimempima jioni. Nimelala, lile bega likaniamsha. Mama Hawa ni gunia la jioni, Bosi."

Nikamwambia basi twende ukampime tena. Akatikisa kichwa. "Mimi ni mkono ule ule. Nitasikia malaria tena kwa sababu nimeshaitamka. Kamlete Sista Veronika, leo hakuwa kazini, na jana usiku amelala. Na usimwambie mimi nimesema nini. Hata kidogo. Mwambie tu njoo umtazame."

Sista Veronika alikuwa muuguzi wa siku nyingi, mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilimkuta anasuka mkeka. Alipokuwa anavaa kandambili akauliza, "Dokta amesema ni nini?" Nikamwambia amekataza nisiseme. Akasimama. "Hee! Kumbe ana akili bado," akasema, na mwendo wake wa taratibu ukaisha pale pale. Alipofika hakugusa paji la uso. Alivuta kope la chini la Somoe, akaangalia, akaangalia na viganja. Mimi mwenyewe niliona kope limekuwa jeupe kama karatasi. "Mdogo wangu, siku zako umeziona lini mara ya mwisho?" Somoe akanitazama. "Bakari, toka nje." Nikatoka. Lakini nimeshasema nyumba ile haikuwa na dari. Nilisimama kwenye korido, na Elia ameketi chini sakafuni karibu na miguu yangu, mgongo ukutani, macho amefumba, tunasikiliza wote wawili.

"Mwezi wa pili sasa sijaziona," alisema Somoe kwa sauti ndogo. "Sikutaka kumwambia mpaka niwe na uhakika."

"Na bega?"

"Kama vile kuna mtu anachoma na kisu, nikilala ndio zaidi."

Elia aliinuka kabla Veronika hajafungua mlango. "Mimba imetunga nje ya kizazi," aliniambia. "Damu inamwagikia tumboni, ndiyo inayomchoma begani. Gari, Bosi."

Pikapu ilikuwa imeshapakiwa magunia. Niliyasukuma chini kwa mabega yangu, moja likapasuka, korosho zikatapakaa uani, na tukazikanyaga. Kwa mara ya kwanza maishani nilikanyaga korosho nisione uchungu. Veronika alikaa nyuma amempakata Somoe kichwa, ananigongea bodi kwa ngumi kila nikipunguza mwendo. Hospitalini daktari mkubwa alikuwepo. Mengine Elia alinisimulia baadaye: alimwambia mkubwa wake, "Nisishike kisu leo, nimeshakosea mara moja kwa mgonjwa huyu huyu." Yule mzee akamtazama, wala hakumgombeza, akasema, "Basi kaa kichwani kwake, uangalie presha, na ukisinzia useme." Mimi nje nilikuwa nawapigia kelele wachukue damu yangu yote, damu ya mtu ambaye hajalala kitandani siku hata moja kwa ugonjwa. Walipoipima haikuingiliana. Nikakaa kwenye benchi na damu yangu nzuri. Nikainua macho, nikawaona watu wa barazani. Wote kumi na mmoja, wametembea nyuma ya gari, wengine wagonjwa kweli, Mzee Chande mbele. "Tupimeni na sisi," akasema. Wawili walifaa. Mmoja wa Narung'ombe, ambaye wiki iliyotangulia nilimpa daraja la pili jioni, akalala kwenye kitanda kile akanyoosha mkono, na hakunitajia korosho.

Usiku ulikuwa umeshaingia Elia alipotoka. Alikuja mpaka mbele yangu, akakaa kwenye benchi, akasema, "Mrija mmoja wa uzazi tumeutoa. Yuko hai. Ameuliza kama mbaazi zimeepuliwa." Nilicheka, halafu nikawa silii wala sicheki, kitu cha katikati, nimejishika tumbo. Nilipomgeukia nimshukuru alikuwa amelala, amekaa wima, mdomo wazi. Nikakaa naye pale, nikawa nafukuza watu wanaotaka kumwamsha. Kila aliyekuja nikamwambia, "Daktari amelala." Raha ya kulisema neno lile sijaipata tena hata siku nilipohamia nyumba yangu ya kwanza Ruangwa.

Siku ya tano nilimrudisha Somoe nyumbani. Nikachukua soksi yangu ya hela za msimu mzima, imejaa, nikaiweka mezani kwa Elia. Nikamwambia sema unachotaka, pikipiki, kiwanja, nitakujengea, Bakari hana deni la roho na mtu. Elia akaisogeza soksi pembeni ili apate pa kuweka sahani. Alikuwa anakula siku hiyo, kisamvu. "Hela kaa nazo, Bosi. Nataka nilale." Nikamwambia lala, nani anakuzuia? Akamega tonge jingine. Somoe kutoka kitandani, juu ya ukuta, akajibu kwa niaba yake: "Wewe." Nikaenda dukani mchana ule ule. Korido ya kwenda chumbani kwake ilikuwa na mlango usiofungwa. Nikaupigilia komeo, nikatia kufuli, na ufunguo nikaukabidhi kwa Somoe, si kwangu, maana najijua. Mkeka wa barazani nikaukunja. Wakulima waliokuja kwa ajili ya daktari wengine waliondoka, na waende. Na mimi tangu mwaka ule, saa nane mchana ikifika, natoa mkono kwenye gunia, hata mkulima akilia.

Elia alimaliza mwaka wake akiwa mnene kuliko alivyokuja. Hospitalini yeye na Veronika walijiwekea utaratibu: mtu akishakesha, mgonjwa anayetaka kumrudisha nyumbani lazima atazamwe kwanza na mwenzake aliyepumzika, na mwenzake asiambiwe kitu. Walikuwa wanaitana wodini, "Njoo, nina gunia la jioni." Kumbe ameendelea kulifundisha neno hilo mpaka leo. "Sisi tulidhani ni la kitabuni," kijana mmoja wa wale wanne alisema, na Somoe, ambaye alikuwa anawagawia mbaazi na amekuwa mnene na mkali kuliko zamani, akamwambia, "Kitabu chenyewe ndio mimi, kula."

Yule binti aliyeniangalia vibaya ndiye aliyeuliza. Alikuwa amelainika. "Babu, ulimpa Profesa nini mwishoni? Maana mke ni mke. Ilikugharimu shilingi ngapi?" Wenzake wakaanza kukisia, mmoja akasema pikipiki, mwingine ng'ombe. Elia anachezea kijiko. Niliwatazama, nikaona mifuko chini ya macho yao, nikawajibu taratibu ili wasikose hata senti. Kufuli elfu moja na mia tano, komeo mia sita, misumari mia moja na hamsini, na fundi hakulipwa kwa sababu fundi nilikuwa mimi. Shilingi elfu mbili, mia mbili na hamsini.